Asubuhi mwalimu, mchana fundi wa kushona: mambo ya kodi ya kupanga mbele ya kuanza

Kama uko na kazi ya nusu siku, shuleni, farmasi, biro ya mtu, na saa nane mchana unafungua kabiashara kako, hii ni yako. Mimi asubuhi nafundisha, mchana niko kwa atelye yangu ya kushona kule Katuba, Lubumbashi, Kongo, mashini mbili na binti mmoja mwenye ananisaidia, na kitu chenye ningependa mtu aniambie mbele ya kuanza ni hiki: kodi yenye wanakukata kwa mshahara inamaliza mambo ya mshahara tu. Ile feza ya mchana hakuna mtu mwenye atakukatia, utajikatia wewe mwenyewe, na kama hujajikatia siku itafika utadaiwa yote mara moja na riba juu yake.

Anza na fishi ya mshahara (karatasi yenye inaonyesha mshahara na vyenye wamekata), hata kama atelye haijafunguliwa bado. Shule ya kwanza yenye nilifundisha walikuwa wanakata kila mwezi, wanakupa feza ndani ya anvelopi, bila fishi, na sisi tulinyamaza maana tulikuwa tunaogopa kupoteza yale masaa. Miaka miwili hivyo. Siku nilienda kuuliza kwa CNSS (mfuko wa taifa wa pensheni) jina langu halikuwa mahali popote. Ile feza ilienda wapi mimi sijui mpaka leo, na bila karatasi sikuwa na kitu cha kumuonyesha mtu. Njo maana sasa mwezi bila fishi sisaini, na ninakuomba wewe pia usisaini.

Ukiipata usiangalie ile namba ya mwisho tu. Angalia bruti (mshahara mbele ya kukatwa), angalia CNSS (ya mfanyakazi ni 5%, mwajiri anaongeza 13% yake juu), halafu IPR, ile kodi ya mshahara yenye mwajiri anapaswa kupeleka DGI (ofisi ya kodi ya taifa) mbele ya tarehe 15 ya mwezi wenye unafuata. Kwa baremu (ngazi) ya IPR yenye tulizoea, 162,000 franka za kwanza za mwezi zilikuwa zinakatwa 3%, kutoka hapo mpaka 1,800,000 ilikuwa 15%, juu ya hapo ilikuwa inapanda 30% na 40%. Tuseme bruti yako ni 500,000. Toa CNSS 25,000, inabaki 475,000. Zile 162,000 zinatoa 4,860, zile 313,000 zenye zinabaki zinatoa 46,950, pamoja ni 51,810. Kama uko na watoto watatu wenye unabeba na wameandikwa, kila mmoja alikuwa anapunguza hiyo kodi 2% (ilikuwa inaenda mpaka watu 9), basi unafika karibu 48,700. Fanya hii hesabu wewe mwenyewe kwa baremu ya mwaka huu na kalkuleta ya simu, ni dakika tano, na kama haifanani na ya kwenye fishi nenda uliza kwa heshima, mara nyingi utakuta akti za kuzaliwa za watoto hazikufika kwa mhasibu.

Na hapa sisi wa nusu siku tunaumia bila kujua: uliza wamekuandika kama nani. Kwa mfanyakazi mwenye wanaita tamporeri (wa muda tu), IPR ilikuwa 15% moja kwa moja, bila ile ngazi ya 3% ya chini. Kwa mfano wetu huo wa 500,000 ulikuwa unapoteza karibu 20,000 kila mwezi juu ya neno moja tu ndani ya kontra (mkataba). Kama unafanya masaa yako kila wiki, mwaka mzima, wewe si tamporeri, omba kontra iseme hivyo. Wengine tena watakuambia "tuletee fakitura tu, hatutakukata kitu", inasikika tamu kwa masikio lakini siku hiyo umetoka kwa mshahara, CNSS imekatika na kodi yote imekuwa mzigo wako, basi bei yako pia lazima ipande, usikubali kwa feza ile ile. Soma pia kontra kama inakataza kazi ingine, na mwambie mkubwa wako mapema kuliko asikie kwa jirani.

Sasa upande wa biashara. Kuna njia mbili zenye watu wa hapa wanapita, patenti (leseni) ya mkoa kwa wale wadogo kabisa, ao RCCM (kuandikishwa kwa rejista ya biashara) kwa Guichet Unique, ofisi ya kufungua biashara, na kwa RCCM unatoka na namba ya kitambulisho cha taifa ya biashara pamoja na namba ya mlipakodi ya DGI. Mimi nilianza na patenti, nikahamia RCCM siku shule moja ilinitafuta nishone uniforme na ikataka fakitura yenye namba. Usisubiri mteja kama huyo afike njo ukimbie kutafuta karatasi, atakwenda kwa mwingine.

Jambo lenye linachanganya wengi ni kwamba kodi ya biashara ndogo haiangalii faida. Ordonansi-sheria ya 2013 juu ya biashara ndogo iliweka hivi: mwenye anaingiza mpaka 10,000,000 franka kwa mwaka analipa kiasi kimoja cha mwaka, mwenye anapita hapo bila kufika 80,000,000 analipa 1% ya mauzo kama anauza vitu, 2% kama anauza huduma, na kuanzia 80,000,000 unaingia kwa mambo ya TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%. Kwa sisi washonaji tofauti hiyo iko ndani ya atelye. Mama akileta kitenge chake nimshonee, hiyo ni huduma. Nikinunua kitambaa mimi mwenyewe nikauza uniforme yenye imemalizika, hiyo ni kuuza. Kwa hesabu ya sheria hiyo, mwaka wenye umeingiza 14,000,000, kama yote ni mauzo ni 140,000, kama yote ni huduma ni 280,000, na hiyo inahesabiwa kwa ile yenye imeingia, haijali kama kitambaa kilikula nusu na petroli ya jenereta ikala ingine kwa sababu ya umeme wa SNEL. Kwa hiyo kaye (daftari) yangu iko na sehemu mbili, kushona na kuuza, na kila jioni naandika mbele ya kufunga mlango, tarehe, jina la mteja, feza ngapi, franka ao dola, na kama ni dola naandika na kiwango cha siku ile, maana mwisho wa mwaka hutakumbuka dola ilikuwa inabadilishwa ngapi mwezi wa tatu.

Tenga na simu. Mimi nilichukua laini ingine ya Airtel Money kwa ajili ya atelye peke yake, kwa sababu mbele mshahara, feza ya wateja na ile ndugu ananitumia ya matanga vilikuwa vinaingia mahali pamoja, na ukiulizwa hii ni nini utasema nini? Kile chenye kiko kwa laini ya atelye ni mauzo, basi.

Kuna swali moja lenye unapaswa kwenda nalo kwa kituo chako cha DGI mbele ya kulipa franka hata moja: mwaka huu mapato yangu mawili yanapimwa namna gani? Kwa miaka mingi tulikuwa tunapimwa kipande kipande, mshahara na IPR yake, biashara na yake, hazikutani. Sheria ya 2023 ilileta IRPP, kodi yenye inaangalia mapato ya mtu mwenyewe, na hapo mshahara na atelye ni vya mtu mmoja. Peleka fishi zako zote na jumla ya kaye, uonyeshe vyote viwili, usifiche kimoja ukidhani hawataona, namba ya mlipakodi ni moja.

Kulipa ni banki. Unajaza deklarasyo, unaenda banki, unachukua bordero (karatasi ya banki yenye inaonyesha umelipa), unapiga foto, karatasi yenyewe unaiweka ndani ya klaseri. Ajenti akifika atelye na kusema nipe tu hapa nitakupelekea, mkaribishe kiti, muulize misioni yake (karatasi yenye inasema ametumwa na nani) na karatasi yake, kama ni ya DGI ao ya mkoa (DRHKAT), maana hizo ni nyumba mbili tofauti, na feza usimpe mkononi. Nimeona jirani alilipa mkononi mwaka mzima, siku ya kontrole hakuwa na hata karatasi moja, akalipa tena. Na kuchelewa usichezee, mwezi wenye umeanza unahesabiwa mzima, hata kama umechelewa siku tatu.

Feza ya kodi yenyewe, mimi naitoa mwezi wa nane na wa tisa, wakati wa uniforme, hapo njo atelye inajaa. Katika kila 10,000 yenye inaingia natoa 500 naweka pembeni, ni zaidi kuliko kodi yenyewe lakini inabeba na bordero, na transpo ya kwenda DGI mara mbili. Mwezi wa kwanza na wa pili wateja hawapo, watu wametoka kwa sikukuu hawana kitu, na ukisema utatafuta feza ya kodi wakati huo utaenda kukopa. Mwaka jana binti wa atelye aliniomba nimkopeshe kwa ile feza, nikamkopesha ya mshahara wangu wa shule, ile ya pembeni sikuigusa.