Kamba za msitu: ipi ikatwe, ipi iachwe

Kabla hujashika panga, simama chini ya mti utazame juu. Somo hilo nililikosa miaka minne iliyopita, nilipofyeka kila kamba kwenye ekari yangu moja na nusu ya miti ya asili hapa Gede. Mtu mmoja aliyekuja kutufundisha alisema kamba ni wezi, zote zitoke. Alisema kweli, lakini nusu.

Kamba ninazosema ni mimea mitambaazi yenye shina gumu kama la mti. Inatia mizizi ardhini, halafu inauparamia mti wa jirani mpaka ilione jua. Mbungo ni mmojawapo. Kwa kuwa haijisimamishi yenyewe, haina haja ya shina nene. Chakula chake kingi kinakwenda kwenye majani. Kamba nene kama kifundo cha mkono inaweza kutandaza majani juu ya mti mzima, ikauzibia jua, na huku chini inagombea maji yale yale. Mti ulionyimwa jua hauongezi mbao, na mbao ndizo ghala: karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Jani huanguka, likaoza, kaboni ikarudi hewani upesi.

Huko Panama watafiti walikata kamba katika vipande kadhaa vya msitu, vingine wakaviacha, wakapima kwa miaka 3. Matokeo yalitoka 2015: kamba zilipunguza kaboni ambayo msitu unaongeza kila mwaka kwa takriban asilimia 76, hasa kwa kuizuia miti kukua. Ni hesabu ya msitu ule. Usije ukaibandika kwenye shamba lako ukaanza kutafuta wanunuzi wa kaboni.

Sasa kazi. Ukiwa chini ya mti, uzunguke wote, kisha ukadirie ni sehemu gani ya kilele imefunikwa na majani ya kamba. Hakuna kabisa, andika 0. Hadi robo, 1. Hadi nusu, 2. Hadi robo tatu, 3. Zaidi ya hapo, 4. Fanya hivyo baada ya masika, majani yakiwa yamejaa. Wakati wa kaskazi miti mingine hupukutisha na utadanganyika.

Halafu pima. Mimi natumia futi ya fundi cherehani na kijiti cha sentimita 130. Mti unapimwa mzingo wake pale kijiti kinapofika kutoka chini. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Kamba ina mambo yake. Zile sentimita 130 usizihesabu kutoka ardhini, zihesabu kutoka kwenye mzizi, ukifuata shina lilivyopinda. Ile ya kwenye mbambakofi wangu ilikuwa imelala chini kama hatua sita, imefunikwa na majani makavu, kabla ya kuanza kupanda. Mara ya kwanza niliipima ilipoinukia nikadhani nimemaliza, kumbe mzizi wenyewe uko nyuma ya kichuguu.

Miti ya 3 na 4 ndiyo ya kushughulikia, na uanze na ile unayotaka ikue. Mimi nilianza na mbambakofi, mti ambao mbao zake zimechongwa milango mingi ya pwani hii. Daraja la 1 achana nalo. La 2 amua mwenyewe. Mti mchanga nausaidia, mkubwa nauacha.

Kamba hukatwa mara mbili: karibu na ardhi, halafu usawa wa kifua. Kipande cha katikati kiondoe kabisa, usikilaze pale pale, maana kamba ikigusa udongo inaweza kutia mizizi upya. Panga liwe kali, na angalia usilijeruhi gome la mti. Mbungo una utomvu mweupe unaonata. Vaa shati usilolipenda. Tazama pia matawi kabla ya kuingiza mkono, nyoka wa kijani wa huku hukaa juu.

Na usivute! Ukishakata, kilichobaki juu kitakauka na kudondoka chenyewe kidogo kidogo. Kamba moja inaweza kuwa imefunga vilele vya miti mitatu. Mimi nilivuta, nikateremsha tawi kavu la mti wa pili ambao hata sikuwa nautazama. Bega la kushoto lilinikumbusha mwezi mzima.

Masika yakipita, rudi. Visiki vitakuwa vimechipua, na chipukizi ni rahisi kuling'oa likiwa bado laini. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanakata mara moja na kusahau.

Haya yote ni ya ardhi yako. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, na kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wazee ndio wenye neno. Huko hukati hata ugwe bila ruhusa.

Nirudi kwenye ile nusu nyingine. Jirani yangu anafuga vipepeo na kuwauza kwa mradi wa Kipepeo, ulioanza hapa Gede 1993. Baadhi ya viwavi wake hula majani ya mitambaazi, na mingine aliichuma kwangu. Baada ya siku zangu tatu za kufyeka, alikuja na kikapu akakuta majani yamenyauka. Hakusema kitu. Tumbili nao walipoteza njia zao za juu, wakaanza kupita chini, kwenye mihogo.

Aliyesema ni shangazi.

"We mwanangu, mbungo wangu uko wapi?"

"Shangazi, ulikuwa unaunyonga mbambakofi."

"Na mimi Ramadhani nitakunywa juisi ya mbambakofi?"

Mbambakofi ulikuwa na mzingo wa sentimita 94; juzi nimepima, 97. Kile kisiki cha mbungo kilipochipua niliacha chipukizi moja, nikalielekeza kwenye mwarobaini uliojiotea wenyewe uani, ambao hakuna anayeuhitaji. Daftari langu linasema mwarobaini sasa uko daraja la 3, na panga silipeleki huko.