Namna ya kula tomati bila kifua kukuchoma

Bamama wa Goma, ukifika ku soko ya Virunga usikamate tomati zile zimepasuka juu ya bei tu, chagua yenye imeiva vizuri, nyekundu mpaka ndani, juu ile rangi ndio likopeni, kitu yenye inasaidia kulinda seli za mwili. Na hapa ndio watu wengi hawajue: likopeni inaingia mwilini vizuri zaidi kama tomati imepikwa na mafuta kidogo. Weka sufuria ku mbabula, mafuta kijiko moja, kitunguu, kisha tomati za kukatakata, acha mpaka maji ipungue na mafuta ianze kuonekana pembeni, ndio utie sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu.

Mbichi nayo usiache, sababu vitamini C inapungua ku moto, gramu 100 ya mbichi iko nayo karibu miligramu 14. Lakini osha na maji safi tafazali, kipindupindu tunaijua hapa kwetu.

Shida ya tomati ni asidi. Mimi nilikuwa nakula saladi ya tomati usiku, nalala palepale, naamka koo inawaka, nilipoanza kuikula mchana ikaisha. Mwenye figo mgonjwa aulize daktari kwanza juu ya potasiamu, madini yenye iko ndani ya tomati, na tomati ya mukebe, ile nzito ya kukolea, ndio aangalie zaidi, iko nayo mingi kuliko mbichi, mara ingine na chumvi juu. Mtoto akivimba midomo kisha kuikula, simamisha, mukimbize ku santé (kituo cha afya) mara moja.