Wavuvi wa dagaa: namna ya kulala mchana usingizi ukatosha

Ndugu zangu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji hapa Kigoma, mnaovua usiku, mimi ni muuguzi, na zamu za usiku nazijua. Wavuvi ninaowapima presha huniambia, "Nesi, nimelala kutwa lakini mwili umechoka." Nikiwahoji, kumbe wamelala saa tatu tu, tena kwa vipande. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Akizikosa miezi na miezi, presha hupanda, sukari huvurugika, njaa huongezeka na kinga hushuka.

Hatua ya 1: Kahawa ya mwisho iwe saa 8 usiku. Saa tano baadaye, karibu nusu yake bado imo mwilini. Kile kikombe cha alfajiri mnachokunywa mkisubiri wanunuzi ndicho kinachowakodolesha macho kitandani. Kunyweni uji.

Hatua ya 2: Toka mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa, na kofia pana au miwani ya jua. Ubongo una saa yake inayofuata mwanga, na jua la asubuhi huiambia kumekucha. Kijiweni usipite.

Hatua ya 3: Uwe kitandani kabla ya saa 2 asubuhi, maana chini ya bati, ikifika saa 6 chumba ni tanuri. Tundika blanketi zito dirishani, shusha chandarua, nzi wasikusumbue. Simu ibaki kwa mama watoto, na hela ya mboga uiache mezani. Nanyi wa nyumbani, nawasihi: baba aliyelala saa 4 asubuhi mhesabuni kama aliyelala saa 4 usiku. Jioni, kabla ya kuingia ziwani, aongeze saa moja au mbili.

Hatua ya 4: Mbalamwezi. Hapa ndipo wengi wanaharibikiwa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mnapumzika siku kadhaa, na mwili unarudi kulala usiku. Kisha giza linaingia, mnaugeuza tena kwa siku moja. Usiugeuze ghafla. Siku ya kwanza ya mapumziko lala asubuhi kwa muda wa saa moja na nusu tu, amka, utembee juani, halafu ulale mapema usiku. Zikibaki siku mbili kurudi kazini, chelewa kulala: leo hadi saa 6 usiku, kesho hadi saa 8. Siku yenyewe ya kutoka, lala mchana. Usiku huo wa kwanza ndio watu husinzia ukingoni mwa boti, kwa hiyo jaketi la kuokolea lisikutoke mwilini.

Hatua ya 5: Gongo hulaza haraka, kisha hukatakata usingizi. Vidonge vya usingizi usijinunulie.

Hatua ya 6: Muulize unayelala naye kama unakoroma. Mama mmoja aliniambia, "Anakoroma, halafu ananyamaza kabisa. Nahesabu hadi kumi na tano, namtikisa, ndipo anavuta pumzi kwa kishindo." Mumewe, mwenye shingo nene, alikuwa akisinzia kwenye benchi saa 3 asubuhi, na presha yake ilikuwa 170 kwa 105. Koo linalojifunga usingizini huunyima mwili hewa mara nyingi kwa usiku mmoja, na huchosha moyo. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe husaidia, lakini kwanza nenda zahanati upimwe, wakuandikie rufaa ya hospitali ya Maweni ikibidi. Nenda na mkeo. Wewe ulikuwa umelala. Aliyekuwa anahesabu ni yeye.