Nani atakusemea? Kuandaa LPA ya afya ukiwa Uingereza

Wengi wetu huku tunaamini kwamba mtu akizidiwa, mkewe au mwanawe mkubwa ndiye ataamua kama apasuliwe au apelekwe nyumba ya wazee. Sheria ya England na Wales haisemi hivyo. Madaktari watawasikiliza jamaa, lakini neno la mwisho si la jamaa. Mwenye mamlaka hayo ni yule uliyemteua kwa maandishi ungali na akili timamu, kwa hati inayoitwa LPA (Lasting Power of Attorney), chini ya sheria ya mwaka 2005 (Mental Capacity Act). Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

LPA ni mbili: ya mali na fedha, na ya afya na matunzo. Hii ya pili, fomu LP1H, haitumiki mpaka upoteze uwezo wa kuamua, kwa hiyo leo hakuna anayekupokonya kitu. Nawaambia hivyo hasa wazee wetu wanaoona kutia saini ni kujichuria.

Anza na watu. Mwakilishi, yaani huyo unayemteua, awe na miaka 18 au zaidi, na awe mtu anayeweza kumuuliza daktari swali bila kuogopa. Sheria haimkatazi kaka yako aliye Tanga, ila fikiria nani atafika hospitalini usiku. Ukichagua wawili, waruhusu kuamua pamoja au kila mmoja peke yake. Ukiandika kwamba lazima wakubaliane kwa kila jambo, mmoja akifariki hati inakufa naye, isipokuwa uliweka mbadala.

Sehemu ya 5 ya fomu isomeni pamoja, polepole. Hapo unachagua kama wawakilishi wataweza kukubali au kukataa matibabu ya kukuweka hai, au hilo waachiwe madaktari. Unasaini mbele ya shahidi. Kama dini yako ina msimamo, zungumza na sheikh au mchungaji kabla ya siku hiyo.

Kisha kuna nafasi ya kuandika unayopendelea, na wengi huiacha tupu. Msiiache! Ninahudumia wazee, na nimeona mama aliyeishi huku miaka mingi akisahau Kiingereza chote. Aliomba maji kwa Kiswahili, wenzangu wakadhani anaweweseka. Andika: “Napendelea kuogeshwa na wanawake. Napendelea chakula halali. Naomba nisemeshwe kwa Kiswahili.” Tumia neno “napendelea”, maana ukiandika “lazima” kwenye nafasi nyingine, ile ya maagizo, unawafunga mikono wawakilishi hata pale isipowezekana. Habari za kuzikwa nyumbani usiziweke humo, maana LPA inakoma ukifa. Hizo ni za wosia, na watoto waambiwe mapema.

Anatakiwa pia mtu wa kuthibitisha kwamba unaelewa na hukulazimishwa. Awe anakufahamu vizuri kwa miaka 2 au zaidi, au awe mtaalamu kama daktari au mwanasheria. Ndugu zako hawaruhusiwi, wala wawakilishi wenyewe. Mpangilio wa saini ni huu: wewe na shahidi wako kwanza, kisha mthibitishaji, kisha wawakilishi. Tarehe zikipishana kinyume, fomu inarudishwa.

Hati haina nguvu mpaka isajiliwe na Ofisi ya Mlinzi wa Umma. Ada ilipanda Novemba 2025 kutoka pauni 82 hadi 92 kwa kila hati. Mwenye kipato cha chini ya pauni 12,000 kwa mwaka anaweza kuomba kulipa nusu, na wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali husamehewa. Wakili si lazima. Fomu zipo bure kwenye tovuti ya serikali, ila ni za Kiingereza, kwa hiyo mzee akae na mtu wa kumfafanulia kila ukurasa kabla hajasaini.

Ikisharudi, peleka nakala kwa GP (daktari wako wa kila siku) na uwape wawakilishi. Usiifungie kwenye sanduku ambalo ufunguo wake unao wewe peke yako.