Jinsi ya kuomba fidia mafuta yakimwagika kwenye bahari ya barafu, Alaska

Unafanya kazi kiwanda cha samaki au boti ya kaa Alaska, meli imemwaga mafuta, uvuvi umefungwa, zamu zimekatwa. Mshahara huo uliokosa unaweza kuudai. Sheria ya Marekani ya Uchafuzi wa Mafuta ya 1990, iliyotungwa baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kupanda mwamba Prince William Sound, Alaska, mwaka 1989, haidai uwe na boti wala kiwanja ufukweni. Hata familia inayovua na kuwinda kwa ajili ya chakula chake ina haki ya kuomba.

Anza na simu. Ukiona mafuta majini au juu ya barafu, piga 1-800-424-8802, kituo cha taifa cha kupokea taarifa za umwagikaji, na uandike namba ya taarifa utakayopewa. Usianze kuzoa mafuta mwenyewe ukitumaini kurudishiwa pesa. Gharama za kusafisha hulipwa pale kazi ilipoendeshwa kwa uratibu na ofisa wa serikali anayesimamia tukio.

Kisha kusanya ushahidi, na hapa barafu ina hila zake. Mafuta yakiingia chini ya barafu wakati wa baridi kali, barafu mpya huota chini yake na kuyafungia katikati. Hukaa humo hadi joto la masika, ndipo yanapopanda kupitia vijia vya maji ya chumvi na kutokeza kwenye vidimbwi vya juu. Jaribio la Balaena Bay, Canada, la 1974–75 lilionyesha hivyo. Tena barafu isiyoshikamana na nchi kavu husafiri, ikiyabeba. Kwa hiyo hasara yako inaweza kuja miezi baadaye, mbali na meli ilikopasukia, na mwenye meli atakuuliza: una hakika gani kuwa ni mafuta yangu? Piga picha zenye tarehe na mahali, tunza matangazo ya kufungwa uvuvi, hati za mshahara za mwaka huu na za miaka iliyopita, na barua ya mwajiri. Sheria inakupa miaka 3 tangu madhara na uhusiano wake na tukio vilipoweza kugundulika kwa uangalifu wa kawaida. Usiingoje iishe.

Dai lenyewe lazima liende kwanza kwa mwenye meli au bima yake, kwa maandishi. Taja kiasi kamili cha dola, si "takriban". Punguza kwenye kiasi hicho kipato ulichopata kwingine na gharama ulizookoa; ukivificha unajiharibia, maana unaweka sahihi kuthibitisha ukweli. Tuma kwa njia inayotoa risiti, kwa sababu siku 90 zinaanza kuhesabiwa dai linapowasilishwa.

Akikataa, au siku hizo zikapita bila mapatano, peleka dai NPFC, ofisi ya Kikosi cha Ulinzi wa Pwani inayosimamia mfuko wa serikali kwa ajili ya hasara hizi. Lakini ukiwa na kesi mahakamani kwa madai hayohayo, mfuko haulipi. Chagua njia moja.

NPFC nao wakikataa, omba wapitie upya, ukieleza sababu na kuambatisha kilichokosekana. Ombi liwe limewafikia ndani ya siku 60 tangu barua ya kukataa ilipotumwa, au siku 30 tangu uipokee, ile inayotangulia. Nafasi hiyo hutolewa mara moja tu.