Jinsi ya Kutengeneza Katuni ya Vichekesho ya Halloween Yenye Madubwana wa Zamani

Kipindi maalumu cha katuni cha Halloween ni kazi fupi yenye masharti makali. Katika televisheni za Marekani, kipindi cha nusu saa kikiondolewa matangazo ya biashara hubakiwa na takriban dakika 22. Ndani ya dakika hizo mtazamaji hutarajia usiku mmoja tu, ule wa tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto waliovalia mavazi ya kutisha hupita nyumba hadi nyumba wakipewa peremende, na hutarajia madubwana wachache anaowatambua mara tu wanapotokea. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kikundi kidogo cha wachoraji na waigizaji wa sauti wanaotaka kutengeneza kipindi cha namna hiyo kwa Kiswahili. Nitakaa zaidi kwenye uandishi, kwa sababu kazi nyingi za aina hii huharibikia huko kabla penseli haijagusa karatasi.

Anzeni kwa kusoma vitabu vyenyewe. Riwaya ya Mary Shelley kuhusu Frankenstein, mwanasayansi aliyeunda kiumbe hai, ilitoka mwaka 1818. Ile ya Bram Stoker kuhusu Dracula, mnyonya damu, ilitoka mwaka 1897, na mwaka huohuo H. G. Wells alitoa hadithi yake ya mtu asiyeonekana. Hakimiliki za riwaya ya Shelley na ya Stoker zimekwisha siku nyingi, na ya Wells nayo imekwisha katika nchi nyingi, kwa hiyo wahusika hao mnaweza kuwatumia bila kumwomba mtu ruhusa. Sura zao tunazozijua ni jambo jingine kabisa. Kichwa bapa na vyuma vilivyochomoza shingoni mwa kiumbe wa Frankenstein havimo katika riwaya. Vinatokana na kazi ya Jack Pierce, mpambaji wa waigizaji wa studio ya Universal, katika filamu ya mwaka 1931 ambamo Boris Karloff alicheza nafasi hiyo, na sheria ya Marekani huzilinda filamu za wakati ule kwa miaka 95. Mkinakili sura hiyo kabla muda haujaisha mnajitafutia kesi, na hata ukiisha, mtakuwa mmechora kile ambacho kila mtu ameshachora.

Kiumbe wa Shelley ana hazina kubwa zaidi. Ana urefu wa takriban futi nane, ngozi ya manjano isiyotosha kufunika misuli, nywele nyeusi zinazong'aa na meno meupe sana. Hujifunza kusema kwa kuichungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta, husoma vitabu vizito, na hatimaye huzungumza kwa ufasaha kuliko binadamu wengi waliomo katika hadithi. Kwa maoni yangu, jitu la futi nane linaloomba radhi kwa Kiswahili sanifu kwa sababu limevunja kiti cha mwenyeji wake huchekesha kuliko jitu linaloguna tu.

Baada ya hapo, mpeni kila dubwana mwiko mmoja. Msijaribu kubeba yote, kwa kuwa miiko tunayoizoea imetoka mahali pengi: Dracula wa Stoker hutembea mchana London, ingawa nguvu zake hupungua, na ni filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, ya mwaka 1922, iliyoleta wazo la mnyonya damu kuuawa na mwanga wa jua. Chagueni mmoja, mtazamaji aambiwe waziwazi ndani ya dakika mbili za mwanzo, kisha usivunjwe kamwe hata pale ambapo kuuvunja kungerahisisha hadithi. Kicheko hutoka pale dubwana anapotaka kitu kwa moyo wake wote, huku mwiko wake ukimzuia na watu wa kawaida wakiwa hawana habari.

Tuchukue mfano mmoja. Kwa mujibu wa Stoker, mnyonya damu hawezi kuingia katika nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Halloween ndio usiku pekee ambao milango yote inafunguliwa, lakini hakuna anayekaribishwa ndani, kwa maana watu hupewa peremende mlangoni na kuondoka. Basi Dracula anagonga. Mama mwenye nyumba anafungua akiwa tayari ameshika bakuli.

"Habari za jioni, mama. Ningependa sana kuingia ndani."

"Jamani, vazi lako zuri! Shika peremende."

Mlango unafungwa. Anagonga tena.

"Mama, mimi sili peremende."

"Basi chukua na karanga."

Nyuma yake kuna mtoto aliyevalia joho na meno ya plastiki, anayemtazama kwa heshima na kusema, "Shikamoo babu." Dracula, mwenye umri wa karne kadhaa, anasimama kidogo kabla ya kuitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Hapo hadithi imepata moyo wake, kwani mtoto huyu ndiye atakayetembea naye usiku kucha.

Mandhari haya yakiandikwa kwa Kiswahili huleta ugumu ambao mwandishi wa Kimarekani hakutani nao. Kwetu mtu akipiga hodi, mwenye nyumba huitikia "karibu" hata kabla hajajua ni nani, na mwiko unakuwa umevunjika katika sekunde ya tatu. Kwa sababu hiyo wekeni kengele mlangoni, foleni ya watoto, na mama aliyechoka ambaye hungoja tu bakuli liishe, na mhusika yeyote asilitamke neno "karibu" katika mchezo mzima mpaka mwishoni, wakati bibi aliyekuwa amelala chumba cha nyuma anaposikia hodi na kuitikia, "Karibu, baba, pita ndani." Litatoka wakati Dracula ameshaacha kuitamani damu ya mtu na anachotaka ni kukaa na yule mtoto tu. Neno lililozuiwa kwa dakika 20 litabeba kicheko na huruma kwa pamoja.

Waigizaji wa sauti waambieni wasichekeshe. Dracula wa kipindi hiki anateseka kweli, na sauti yake ionyeshe hivyo. Vilevile tengeni sehemu moja ya hofu ya kweli, isiyozidi nusu dakika, bila damu, kwa kutumia kivuli na ukimya. Mtoto asiyetishwa hata kidogo huona amedanganywa.

Sauti zirekodiwe kabla ya kuhuisha, yaani kabla ya kuifanya michoro itembee. Kisha chora picha za kila tukio kwa penseli, zipange kwa urefu wake halisi chini ya sauti hizo, na mtazame pamoja kipindi kizima kikiwa bado ni michoro mikavu. Hapa ndipo mnapokata kwa gharama ndogo. Filamu huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili. Hivyo dakika 22 zinadai michoro 15,840 iwapo kila kitu kinatembea muda wote. Kikundi kidogo kianze na dakika tano, ambazo ni michoro 3,600, na hata hiyo hupungua sana mkishikilia mchoro mmoja pale ambapo ukimya ndio unaochekesha. Baada ya "chukua na karanga", uso wa Dracula usiotikisika kwa sekunde moja kamili ni fremu 24 za mchoro mmoja tu.

Chagueni pia madubwana wasiowachosha. Mtu asiyeonekana wa Wells ni kofia, miwani myeusi, bandeji na glavu. Maiti ya Misri iliyofungwa sanda hutembea kwa ukakamavu, na mzunguko mmoja wa hatua zake unaweza kutumika kipindi kizima. Mbwamwitu-mtu mwenye manyoya kila mahali muacheni kwa sasa.

Kwa midomo, Kiswahili kinawasaidia: kina irabu tano, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Maumbo sita ya mdomo yanatosha, yaani moja la a, moja la e na i kwa pamoja, la o, la u, midomo iliyofungwa kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Programu za bure kama Blender, Krita na OpenToonz zinaweza kuifanya kazi yote hii.

Tarehe 31 Oktoba haisogei, kwa hiyo pangeni ratiba kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka hapo. Wiki mbili kabla, wakusanyeni watoto wachache wasioijua hadithi, wakae mbele ya skrini nanyi mkae pembeni mkiwatazama wao. Andikeni dakika na sekunde ya kila kicheko na ya kila mtoto anayegeuka kuzungumza na mwenzake, kisha rudini mezani mkakate zile sehemu walizogeuka.