Kabla hujaanza kukata uzito, panda mizani wiki mbili bila kubadilisha kitu

Kuna mwaka binamu yangu alikuwa anaolewa Desemba, na mimi Oktoba nikajiambia kilo 20 lazima ziende kabla ya harusi. Zilikuwa zimebaki wiki nane. Hesabu ya darasa la nne tu ingeniokoa, manake hio ni kilo mbili na nusu kila wiki, na kasi ambayo watu wa afya wanaiona ya kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, yaani hata kama mambo yangeenda vizuri kabisa ningetoa kati ya 4 na 8. Nilitoa tatu. Nikajiona nimeshindwa nikarudi kwa chapo na hasira. Sahii nikiangalia nyuma kilo tatu zilikuwa kazi safi, shida ilikuwa lengo nililiweka kwa kuangalia kalenda ya mtu mwingine.

So kama unataka kuanza, kuna vitu vya kupanga kwanza.

Cha kwanza ni kifupi. Kama uko na presha au sukari na unameza dawa ama unajidunga insulini, ongea na daktari kabla hujapunguza chakula, juu chakula kikipungua na dozi ibaki ileile sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa umebanwa kwa matatu na hakuna anayejua unaumwa. Ukiwa mjamzito sio wakati wake, ukiwa unanyonyesha uliza kliniki kwanza. Na kama umewahi kuwa na ile shida ya kujinyima chakula au kujitapisha, hii biashara ya kuandika namba kila siku inaweza kukurudisha huko, usiifanye peke yako.

Alafu mizani. Wale jamaa wa mizani kwa pavement za town ni wazuri kwa kujua tu uko wapi, unalipa kitu kidogo unapanda, lakini pale umevaa viatu, jaketi, simu mfukoni, na umetoka kula lanchi. Wiki ijayo unapanda ya mwingine kona ingine. Huwezi kulinganisha. Tafuta mizani moja, hata kama ni ya jirani, uiweke kwa sakafu ngumu sio kwa kapeti, upande asubuhi ukishatoka choo na kabla ya chai, nguo kidogo, basi. Mizani ikiwa inadanganya nusu kilo haina neno, bora inadanganya hivyohivyo kila siku.

Sasa hapa ndio watu wengi hawanisikizi. Wiki mbili za kwanza usibadilishe chochote. Kula venye unakulanga, jipime kila asubuhi, andika namba, andika na ulichokula hata kama ni smocha (chapati na soseji) ya saa nne usiku pale steji. Wiki yangu moja ilikuwa hivi: 84.2, 83.6, 84.9, 84.4, 83.8, 84.1, 85.0. Ona hio, kati ya ya chini na ya juu kuna kilo 1.4 na sikuwa nimeanza dayati yoyote! Lita moja ya maji ni kilo moja, ukinywa utaiona kwa mizani. Nyama choma ya Jumamosi na chumvi yake inashika maji mwilini, hedhi inashika maji, kukosa choo siku mbili ni uzito pia. Kwa hivyo unajumlisha siku saba unagawanya kwa saba, mimi nilipata 84.3, na hio ndio namba yangu ya kuanzia. Baadaye nalinganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, sio Jumatatu na Jumanne. Mtu akijua hii mapema hatalia siku ya tatu ati amekula sukuma tupu na bado ameongeza.

Kinyume chake pia kipo. Wiki ya kwanza ukipunguza chakula, haswa wanga, unaweza kuona kilo mbili zimetoka na ukaanza kuambia watu. Mwili unaweka akiba ya wanga kwa maini na misuli, na hio akiba inakaa na maji mengi, ikiisha maji yanatoka nayo. Mafuta bado yamekaa pale yanakuangalia. Usipige hesabu ya miezi sita kutokana na hio wiki.

Lengo lenyewe sasa. Kwa urefu wangu wa sentimita 162, ile hesabu ya BMI, ya kulinganisha uzito na urefu, inasema niko 32, na ili nishuke chini ya 25, pale uzito unahesabiwa kuwa wa kawaida, nahitaji kutoa karibu kilo 19. Labda nitafika, labda la. Lakini asilimia 5 ya uzito tu, kwangu mimi kama kilo 4, tayari inaanza kusaidia presha na sukari, so hio ndio nikaandika. Kwa nusu kilo kwa wiki hizo ni wiki nane, mimi nikaandika kumi na mbili, juu kutakuwa na matanga, kutakuwa na ruracio (sherehe ya mahari), kutakuwa na wiki ya mafua. Na ujue kadri unavyokuwa mwepesi ndio mwili unatumia nguvu kidogo, kwa hivyo kasi ya mwezi wa kwanza haitakuwa ya mwezi wa tano.

Nusu kilo kwa wiki kwa makadirio inataka upunguze kama kalori 500 kwa siku. Inatisha mpaka usome lile daftari lako la wiki mbili. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, hizo ni karibu kalori 190. Soda ya nusu lita saa kumi, zaidi ya 200. Mafuta ya kupika nilikuwa namimina moja kwa moja kutoka kwa mtungi, na kijiko kimoja kikubwa ni kama 120. Hapo nimeshafika na sijagusa ugali. Kwako inaweza kuwa mandazi, au bia za Ijumaa, ndio maana sikupi menyu yangu.

Usitegemee mizani peke yake pia. Chukua kamba, ipime urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, ikunje katikati iwe nusu, alafu ujaribu kuizungusha kiunoni usawa wa kitovu. Ikikosa kufika, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako na hio ni dalili ya kupunguza kitambi. Weka hio kamba kwa droo, jipime nayo mara moja kwa mwezi. Mimi pia niko na jinzi ya mtumba ya Gikomba ambayo haifungi, iko hapo inangoja.

Na andika kitu unachofanya, sio namba pekee. Mimi nashuka matatu Ngara, karibu na town ya Nairobi, naingia town kwa miguu, dakika kama 15, jioni narudi hivyohivyo kabla giza haijaingia, siku tano hizo ni dakika 150 ambazo ndizo kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima kwa wiki, na saa zingine nafika kabla ya ile matatu niliyoiacha kwa jam. Jimu ukitaka lipa mwezi mmoja mmoja. Kulipa ya mwaka mzima wakati wa Njaanuari ni kutoa mchango tu.

Watu wa nyumbani wapange mapema. Ukienda ushago mama atakwambia umekonda, kwani huko Nairobi hamli, na sahani italetwa ikiwa mlima. Mimi huko sijipimi, napiga mstari kwa daftari naandika "ushago", nikirudi naendelea.

Na kama kuna harusi mbele yako sahii, peleka gauni kwa fundi lipanuliwe, langu lilichukua nusu saa, wiki mbili zako zianze Jumatatu harusi ikiisha.